Mdhamini Kutoka Olbalbal

Qurus,
12 Februari 1983

Shemeji Moloimet,

Karatasi hii nimeichana katikati ya daftari la zamani la Rafaeli, kwa hiyo usishangae ukikuta hesabu za kugawanya upande wa nyuma. Madukani hakuna karatasi, hakuna sabuni, na viberiti tunaazimana kama ungo. Lakini tupo. Ng'ombe wako wanne unaotuachia huku nao wapo, na yule mwekundu ana mimba.

Ulipokuja kumzika mwenzako hatukupata nafasi ya kuzungumza, watu walikuwa wengi. Sasa nina shida moja. Siku ya pili baada ya matanga nilichukua gobori la marehemu nikalipeleka kituoni mwenyewe, kama sheria inavyotaka, maana leseni ilikuwa na jina lake. Wakanipa stakabadhi. Hapo hapo nikaomba nirudishiwe kwa jina langu. Askari wa zamu alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama nina mtoto wa kiume. Nikamwambia ninaye, Rafaeli, anafundisha shule Singida. Akasema basi aombe yeye. Shemeji, Rafaeli unamjua. Akiona gobori limeegemezwa ukutani anaziba masikio. Na hata angekuwa shujaa, Singida ni mbali, mbogo hawatamsubiri apate likizo.

Unajua shamba letu lilivyo, sisi ndio wa mwisho kabla ya msitu. Mahindi yakianza kubeba, mwezi wa tano, mbogo wanashuka. Mwaka jana Boazi akiwa kitandani walikula ekari mbili kwa siku tatu. Wakirudia mwaka huu, mimi nitalala njaa, na nyumba yako nayo haitapata unga, maana tangu mlipokatazwa kulima hifadhini mwaka sabini na tano mahindi yenu yanatoka hapa kwangu.

Fomu inataka wadhamini wawili wasio ndugu, walionifahamu miaka kumi, mmoja wao awe wa nje ya kijiji. Wa kijijini ni Naftali, mwenyekiti wetu. Wa nje nimekuandika wewe, maana shemeji nakuita kwa urafiki wako na Boazi tu, undugu hatuna. Tafadhali iandikie ofisi barua fupi, ueleze tabia yangu.

Msalimie Nareyu na watoto.

Petronila, mke wa Pakiteng wako


Olbalbal,
3 Machi 1983

Mama Rafaeli,

Barua yako imeletwa na bwana mifugo aliyekuja kuchanja ng'ombe. Nimeisoma mwenyewe. Hesabu za nyuma nazo nimezisoma, na ile ya tatu mwanao alikosea. Nilipoingia kisomo cha watu wazima wenzangu walinicheka, mzee mzima anaimba a e i o u mbele ya mbuzi. Leo wao ndio wanaoniletea barua zao niwasomee, na mimi nawasomea polepole ili wateseke.

Bado sijazoea kwamba Pakiteng hayupo. Wewe unajua kwa nini tuliitana hivyo, lakini acha niandike, kuandika kunanituliza. Kwetu ukimpa mtu ng'ombe naye akapokea, jina lake la kuzaliwa linakufa kwako, na lako linakufa kwake. Mnaitana kwa yule ng'ombe, Pakiteng, mpaka mmoja wenu aondoke. Miaka ishirini na miwili sikumwita Boazi hata siku moja. Padri aliposema "Boazi" pale kaburini nilidhani anamzika mtu mwingine.

Barua ya udhamini nimekwisha kuiandika, na bwana mifugo ataifikisha kituoni kwa mkono wake. Ulisema iwe fupi. Nimeshindwa, zimekuwa kurasa mbili na nusu. Ulisema nieleze tabia yako. Mama Rafaeli, kwetu mtu hashuhudiwi kwa tabia njema, kondoo naye ana tabia njema. Anayesimama kumshuhudia mwenzake hueleza alifanya nini, wapi, na nani aliona. Ndivyo nilivyofanya. Usiwe na wasiwasi, nimekusifu vizuri.

Nami nina swali kwa hao wakubwa, uwaulize ukipata nafasi. Mkuki wangu ninao tangu nilipotahiriwa. Naenda nao mnadani, narudi nao, na hakuna aliyewahi kunidai wadhamini. Mkuki unaonekana toka mbali. Nikifika kwa mtu nauchomeka nje ya mlango, kila apitaye anajua kuna mgeni ndani. Wa kuogopwa ni yule anayekuja na kitu amekificha chini ya shuka. Je, sheria yao inamtafuta yupi?

Maji ya hapa yamekauka. Ng'ombe wanatembea siku nzima kwenda kunywa na siku nzima kurudi, wakifika wana kiu ileile.

Moloimet


Qurus,
21 Machi 1983

Shemeji Moloimet,

Asante kwa barua ya udhamini, ingawa hizo kurasa mbili na nusu zimenitia mashaka. Naftali ameandika mistari minne: mama huyu halewi, hagombani, analima, analipa michango. Sasa nikiwekwa katikati ya barua zenu wataona ni watu wawili.

Swali lako nimeliuliza. Wiki iliyopita afisa kutoka wilayani alikuja kutueleza habari za silaha, mkutano ukajaa, hata wagonjwa walipona. Alisoma sheria kwa sauti, halafu akasema wenye maswali waulize. Nadhani alijuta.

Naftali ndiye aliyeanza. Alisema mwaka juzi alipewa kibali cha kununua bunduki, kinachodumu miezi mitatu. Akaenda Arusha mara tatu, duka likamwambia bunduki hazijafika. Zilipofika, kibali kilikuwa kimekwisha muda. Akaomba kingine, na kilipotoka bunduki zikawa zimekwisha. "Naomba kujua," akasema, "hivi vitu viwili vimewahi kukutana kwa mtu yeyote?" Watu walicheka, na afisa mwenyewe alicheka.

Blandina, jirani yangu, akasimama na mtoto mgongoni. Unakumbuka alivyoibiwa fahali wawili wa kulimia, na wezi walikuwa na bunduki iliyobaki baada ya vita. Akauliza kwa upole kabisa, wale wezi wadhamini wao ni akina nani. Hapo hakuna aliyecheka.

Mimi niliuliza la kwako. Afisa akajibu kwamba bunduki ikipita barabarani inatakiwa kufunikwa isiwatishe watu. Nikamuuliza, hilo ni sheria au ni ushauri? Akasema atalitazama.

Lakini alisema pia neno ambalo sikuweza kulipinga. Alisema bunduki zikiwa za kila mtu, ugomvi wa mipaka ya mashamba utaishia makaburini. Ni kweli, Shemeji. Ugomvi wa mipaka tunao, na tunajuana. Sitaki sheria iondoke. Nataka inisikilize.

Mahindi yamefika magotini. Yanapendeza.

Petronila


Qurus,
18 Aprili 1983

Shemeji Moloimet,

Nakuandikia machache. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, mzima. Mvua inatosha. Niliitwa kituoni nikaenda, na nimerudi.

Tafadhali usiandike tena barua kituoni. Ile moja inatosha.

Petronila


Olbalbal,
4 Mei 1983

Mama Rafaeli,

Barua yako ya mwezi uliopita ilikuwa kama mtu anayesalimia akiwa amegeuza uso. Nimemsomea Nareyu mara mbili. Mara ya pili akasema, "Huyu mama umemkosea."

Juzi Lomayani, mwenzangu wa rika, amerudi kutoka mnada wa Karatu. Amesikia huko kwamba mjane wa Qurus alikaa siku mbili kwenye benchi la kituo akiandikisha maelezo, kisa barua ya Mmasai mmoja. Aliniuliza kama namfahamu Mmasai huyo. Nilimwambia sijui. Huo ni uongo, na si wa kwanza.

Nitakuambia nilichoandika, maana sikukuonyesha. Niliandika hivi: Mwezi wa saba mwaka sabini na sita nilikwenda Qurus na punda kuchukua mahindi. Asubuhi, ukingoni mwa shamba, mbogo aliyejeruhiwa alitoka msituni akanipiga pembe ya paja na kunilaza chini. Boazi alikuwa ndani, ana homa, hawezi kusimama bila kushika kitu. Mkewe alitoka na gobori. Hakupiga kelele. Alikuja karibu mpaka nikaona kucha za miguu yake, akampiga mbogo nyuma ya bega, mbogo akaenda kufia korongoni. Niliandika kwamba mwanamke huyu anaweza kupewa silaha kwa sababu nilikuwa chini ya mbogo na niliona mkono wake, haukutikisika. Nikatia sahihi na dole gumba pia, ili wasiwe na shaka.

Nilidhani nimekupa kitu kikubwa. Hukujua ilivyoniwia vigumu. Miaka saba wenzangu wanajua ni Boazi aliyeniokoa. Hata ule mguu nikichechemea wanasema, huyo ni mtu wa Boazi. Nilivumilia aibu nikaandika kweli, nikasema hii ndiyo zawadi yangu kwa mjane wa Pakiteng. Sikujua kwamba kwao shujaa asiye na leseni ni mhalifu.

Nitakuja. Nitasema nilikuwa nimelewa nilipoandika, kwamba aliyepiga ni Boazi kama watu wote wanavyojua. Boazi amekufa, hawatamweka kwenye benchi.

Moloimet


Qurus,
15 Mei 1983

Moloimet,

Nimekasirika, na nitakuandikia nikiwa na hasira ili usije ukadhani nimeisahau. Miaka saba umewaambia watu wote ni Boazi. Wajomba zako, wake zako, wachunga mbuzi, wote ni Boazi. Halafu siku uliyoichagua kusema kweli, ukaichagua ya kuwaandikia polisi.

Ndiyo, wamenifungulia jalada. Leseni ilikuwa ya Boazi peke yake. Kwa sheria, mimi kulishika gobori lile lilikuwa kosa, na kulifyatua kosa la pili. Tarehe nane Juni naitwa mbele ya kamati ya wilaya. Huko wataamua mambo mawili siku moja: kama nipewe leseni, au nipelekwe mahakamani. Kama ni mahakamani naweza kufungwa, na gobori sitaliona tena. Mbogo nao wamekwisha kuanza. Jumatatu wamekula robo ekari. Mimi na Blandina tulipiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi, wakatutazama wanavyowatazama punda.

Sasa nisikilize. Usije kusema ulikuwa umelewa. Nakukataza. Najua kwa nini tulinyamaza wakati ule. Watu walipofika mbio walimkuta Boazi, aliyejikokota kunifuata, ameliegemea gobori, anatetemeka kwa homa. Nilimpa mimi alishike, ili mikono yangu ifunge mguu wako. Wakampongeza. Boazi akanitazama, nikatikisa kichwa asiwasahihishe, yakaisha hapo. Yeye aliogopa nitakamatwa. Wewe uliona aibu. Mimi nilikuwa na damu yako mpaka viwikoni na sikuwa na nafasi ya kufikiri. Baadaye nilipopata nafasi, mambo yalikuwa yamekwisha kuwa hadithi ya watu wengine.

Na kuna kitu kimoja sikupenda kukuandikia mwezi uliopita. Pale kituoni afande aliisoma barua yako kwa sauti, yote, ili nikubali au nikane. Aliisoma vibaya, anakwama kwama, mwandiko wako unajua mwenyewe. Alipofika pale uliposema mkono wangu haukutikisika, nililia. Yeye alidhani ni woga. Shemeji, hakuna mtu aliyewahi kulisema lile jambo likitoka mdomoni mwake, hata Boazi. Nililisikia mara ya kwanza kwa askari, nikiwa mshitakiwa, na bado lilinifurahisha.

Kwa hiyo njoo tarehe nane, usimame na ulichoandika.

Petronila


Olbalbal,
27 Mei 1983

Mama Rafaeli,

Nitakuja. Nitaondoka siku nne kabla, kwa sababu ya mguu.

Lakini niliona si vizuri wenzangu wa rika walisikie jambo hili ofisini kabla hawajalisikia kwangu. Jana tulikuwa kwenye maji, ng'ombe wanakunywa kwa zamu, tumekaa. Nikawaambia. Nilisema lote, kuanzia pembe mpaka gobori alilopewa Boazi kushika.

Nilitazama chini nikingoja kicheko. Halafu Lomayani akaniuliza, "Yule dume tuliyempeleka Qurus tukamchinja kumshukuru Boazi, huyo mama alipewa kipande gani?"

Nikamjibu kweli. Nikasema, "Yeye ndiye aliyepika."

Lomayani akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe wake, na ng'ombe wake walikuwa pale pale.

Moloimet


Qurus,
16 Julai 1983

Shemeji Moloimet,

Naamini mguu ulikufikisha salama. Uliondoka siku ileile bila kungoja jibu, ukisema ng'ombe hawajui habari za kamati. Kwa hiyo nakueleza yaliyofuata baada ya wewe kutolewa nje.

Kwanza lako. Nimesikia watu wakisema mengi maishani mwangu, katika mikutano, kanisani, na vilabuni wakati wa kwenda kumtoa Boazi. Sijasikia jibu kama lako. Yule mkuu wa kamati alipokuuliza kwa nini ulidanganya miaka saba, ukavuta shuka ukawaonyesha kovu, ukasema, "Nilikuwa na aibu. Sasa aibu imekwisha, nimebaki na mguu." Hata karani aliacha kuandika. Nilijua wewe ni mtu mzuri, maana Boazi hakuwa akigawa ng'ombe ovyo. Siku ile nilijua una ujasiri kuliko mimi. Mimi nilisimama mbele ya mbogo, lakini mbogo hacheki.

Ulipotoka wakaniuliza kama nakubali kwamba nilifyatua silaha isiyo na jina langu. Nikasema nakubali. Wakaniuliza kama nilijua ni kosa. Nikasema nilijua, lakini leseni ilikuwa na homa. Mkuu akasema hapa si mahali pa mzaha. Nikamwambia sifanyi mzaha, afande, mwenye leseni hakuweza kusimama na mbogo hakutaka kuahirisha.

Wakafungua karatasi ya pili, ya maombi. Akasoma: mwombaji athibitishe kwamba anajua kutumia silaha. Akaniuliza uthibitisho wangu ni upi. Nikaomba ruhusa ya kuuliza swali. Nikasema, "Wazee wangu, karatasi ya kwanza inanishitaki kwa kulishika gobori. Karatasi ya pili inanitaka nithibitishe kwamba ninalijua. Ningelijuaje bila kulishika? Ninyi wenye leseni humu ndani, nani alijifunza baada ya kuipata?"

Nikadhani nimejiharibia. Halafu mjumbe mmoja mzee, ambaye muda wote nilidhani amelala, akakohoa. "Mimi alinifundisha baba," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili." Akamgeukia mkuu. "Na wewe?" Mkuu akatazama dari.

Jibu lilikuja tarehe mosi Julai, bahasha moja yenye karatasi mbili. Ya kwanza ni onyo kali kwa kosa la mwaka sabini na sita, nisirudie. Ya pili ni leseni ya mwaka mmoja, jina Petronila, na pale palipoandikwa uthibitisho wa ujuzi wameandika: tazama barua ya shahidi kutoka Olbalbal. Barua yako, Shemeji, imenitia hatiani na kunitoa, na wala hawakulazimika kugeuza ukurasa.

Nilikwenda kulichukua gobori siku ya mnada. Afande akalitoa stoo, akaniambia nilifunike kwa kanga mpaka nyumbani, watu watashangaa kuona mama na bunduki. Nikamwomba anionyeshe mstari. Akafungua kitabu, akageuza kurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. Mwisho akasema ni ustaarabu tu. Nikamwambia Boazi alilibeba begani miaka kumi na tisa, hakuna aliyemtajia ustaarabu. Akanitazama, halafu akanifungulia mlango. Si mtu mbaya.

Nikapita katikati ya mnada, gobori begani, halina baruti, mdomo juu. Nilikumbuka mkuki wako. Watu walipisha njia. Blandina alikuwa anauza vitunguu, akaacha vitunguu vyake chini akaja kutembea kando yangu mpaka njia panda, bila kusema neno. Naftali alivua kofia. Maskini, bado anangoja bunduki na kibali vikutane.

Mbogo walikuja usiku wa tarehe tano. Nilifyatua moja tu, hewani. Wakageuka wote. Sikuua, na sikutaka kuua. Mahindi yaliyobaki yanatosha nyumba mbili. Njoo na punda.

Petronila


Olbalbal,
9 Agosti 1983

Pakiteng,

Usidhani nimekosea nikakuandikia jina la marehemu. Nimeandika jina lako.

Boazi alikuwa Pakiteng kwa ng'ombe tuliyepeana, na ile hesabu ilikuwa yetu sisi wawili. Wewe ulinipa mguu na miaka saba, sikukupa kitu, na nyama ukaipika mwenyewe. Nilikaa na wenzangu. Nilitaka kuchagua ng'ombe katika zizi langu, Lomayani akakataa. Akasema dume yule alitoka kwa rika lote, kwa hiyo na huyu atoke kwa rika lote. Wamebishana siku mbili, maana kila mtu alitaka awe wa kwake. Wamemchagua mweusi mwenye paji jeupe, amezaa mara moja, mama yake hakuwahi kupotea njia ya maji hata mwaka wa kiangazi kikali.

Lomayani na Nareyu wanamleta, mimi nitafuata na punda taratibu. Nimewaambia wasipite njia ya msituni ingawa ni fupi. Wapite barabara kuu, mchana, siku ya mnada. Watu watauliza ni wa nani, na nimewaagiza wasijibu. Wewe nenda ukawapokee pale.

Ukimpokea, mimi sitakuita tena Mama Rafaeli wala shemeji.

Moloimet


Qurus,
20 Agosti 1983

Pakiteng,

Najua uko njiani na punda, na barua hii nampa Lomayani anayerudi leo, mkutane nayo popote mtakapokutana. Sikuweza kungoja ufike.

Niliwapokea pale mnadani. Watu walisimama kama ulivyosema, wakauliza ng'ombe yule ni wa nani, na kwa nini Wamasai wamemleta kwa mwanamke. Lomayani alinyamaza. Nareyu alinyamaza. Nikashika kamba mwenyewe, nikawaeleza habari ya mbogo tangu mwanzo, kwa sauti, hadi mwisho.

Pakiteng wako